Kusimama, Kuchuchumaa, Kulala

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ya jua kali ndani ya meli ya chuma pale Kisumu. Mzee mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amefunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni, jasho linamtiririka, na hataki kulivua. Nitafika hapo, usiwe na haraka. Jana umeniambia kwamba wamekupa kazi ya kukisia pale kwenye karakana, yaani kuangalia chuma kilichoharibika na kusema kitahitaji watu wangapi na muda gani. Nimefurahi sana. Hiyo kazi niliifanya kabla baba yako hajaota meno, kwa hiyo vuta kiti, chai iko hapo, unisikilize.

Enzi hizo Eldoret ilikuwa mji wa matope na magari ya ng'ombe. Masetla, wale wazungu wenye mashamba, walilima ngano na mahindi, na sisi wa kutoka Magharibi tulikuja kutafuta kazi, kipande, kile kitambulisho cha serikali ya kikoloni, kikining'inia shingoni. Mimi nilipata kazi kwa Kalasinga mmoja, Bwana Harnam, aliyekuwa na karakana karibu na stesheni. Alitengeneza boila za viwanda vya mbao vya Timboroa na Ainabkoi, injini za mvuke za mashambani, mabomba ya maji, chochote cha chuma. Alikuwa na hasira za karibu, lakini mshahara wake haukuchelewa hata siku moja. Wakati ule hiyo ilitosha kumwita mtu mwema.

Aliponiona nasoma futi bila kubabaika, akaanza kunichukua tukienda kukagua kazi. Akanifundisha.

"Bomba ndefu si kazi," alikuwa akisema. "Bomba ndefu nalala tu. Kazi iko kwa kona, iko kwa flanji."

Flanji ni ile sahani ya chuma mwisho wa bomba, inayofungwa kwa bolti kwenye sahani ya bomba lingine. Basi ukifika mahali, unahesabu kona na flanji. Unagonga chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kikilia vizuri kiache, kikijibu kwa sauti ya kopo bovu kiwekee chaki. Halafu unajiuliza swali ambalo ndilo lilikuwa elimu yote ya Kalasinga: fundi akiwa hapa atasimama, atachuchumaa, ama atalala? Anayesimama atafanya kazi kwa muda wake wa kawaida. Anayechuchumaa mpe mara mbili. Anayelala chali, kutu ikimwingia machoni, mpe mara tatu na usimwite mvivu. Kusimama, kuchuchumaa, kulala. Mpaka leo nikiona fundi wa jirani ameingia chini ya sinki, namkisia hivyo hivyo kimoyomoyo.

Pale karakana alikuwepo Mzee Zakayo, mtu wa kwetu, mzee wa kanisa, fundi wa ribiti. Ribiti, kama hujawahi kuiona, ni msumari mnene unaopigwa ukiwa mwekundu kwa moto ili kushona mabamba mawili ya chuma. Mpigaji hawezi kazi hiyo peke yake. Yeye anapiga upande huu, na mwenzake anakaza chuma kizito upande ule ili ribiti isirudi nyuma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Zakayo alipiga, mimi nikakaza, na baada ya muda tukazoeana hata hatukuhitaji kusemezana. Alibadilisha pumzi tu, nami nikajua anataka nini. Watu walikuja kutuangalia.

Mzee huyo alikuwa na binti, Rasoa, aliyefundisha watoto wadogo kusoma pale kanisani. Nilimpenda. Sitazunguka hapo, nilimpenda mpaka nikawa namkosea Kalasinga hesabu Jumatatu kwa sababu ya kumwona msichana Jumapili. Alikuwa na mdomo huyo, hata leo anao. Nikamwambia baba yangu mdogo, naye akaenda kwa Zakayo na wazee wawili kufungua mazungumzo. Wakapewa chai, wakasikilizwa, wakaambiwa warudi tena. Kwa desturi yetu, mwanangu, hapo mlango umefunguliwa. Kilichobaki ni mazungumzo ya mahari na siku ya harusi.

Lakini tangu siku ile Mzee Zakayo akabadilika. Zamani aliniita Hezron, au kijana wangu. Sasa hakuniita jina kabisa. Saa ya chai akahamia benchi la upande wa pili. Jioni tulipokuwa tunanawa pale bombani, akiniona nakuja anachukua shati lake na kuondoka hata kama povu bado liko shingoni. Nikaanza kupata wasiwasi. Nikasema moyoni, mzee huyu amejuta, hanitaki kwa binti yake, ila anaona haya kusema. Usinicheke. Baba yangu alikufa mapema na nililelewa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, mbali na wazee wa kwetu. Adabu za ukwe nilizisikia kama unavyosikia redio ya jirani: sauti inafika, maneno hayafiki.

Ndipo ikaja kazi ya meli. Tajiri mmoja alikuwa na meli ndogo ya mvuke ya kubeba mizigo ziwani. Mabamba yake ya ubavuni yalikuwa yameliwa na kutu, na mabomba ya chini, yanayovuta maji kutoka tumbo la meli na kuyatupa nje, yalikuwa yamepasuka. Mafundi wa Kisumu walikuwa wamezidiwa na kazi, na mtu akamwambia kuna Kalasinga huko Eldoret anayejua boila. Bwana Harnam hakuwa amewahi kugusa meli. Alifurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Tukateremka kwa lori, yeye na mimi, kwenda kukisia.

Mwanangu, boila ya Timboroa unaizunguka. Iko nje, ina hewa, ukichoka unakwenda kuota jua. Meli ni kitu kingine. Kila bomba limejificha nyuma ya kitu, na kabla hujalifikia inabidi ung'oe mbao na kuondoa tangi. Nilitambaa mle ndani na chaki yangu. Mpishi wa meli, mtu wa Mombasa, aliniona natoka nimejaa masizi akacheka. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akaniambia. Nikamuuliza maana yake. Akasema tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa, pale maji machafu yanapokusanyika. Uzunguke utakavyo, mwisho utarudi pale chini. Nilidhani ananieleza habari za mabomba tu.

Mabomba ya ngamani yalipita katikati ya mbavu za chuma. Ili kufungua flanji moja walihitajika watu wawili, mmoja azuie bolti na mwingine azungushe nati, na nafasi ilikuwa ndogo hivi kwamba walilazimika kulala ubavu, kifua kwa kifua, bomba likiwa katikati na miguu imepishana. Joto la boila lilikuwa nyuma ya ukuta. Mabaharia waliniambia kwamba wanaoingia humo huvua kila kitu na kubaki na kipande cha gunia kiunoni, la sivyo watazimia.

Nikatoka, Kalasinga akaniuliza, "Simama, chuchumaa, ama lala?"

"Kulala," nikasema. "Lakini ukinipa Mzee Zakayo tuingie pamoja, usihesabu mara tatu. Hesabu mara mbili. Sisi tunajuana."

Akaniamini. Akampa tajiri ahadi kwa maneno yangu, kwamba meli itakuwa tayari kabla ya msimu wa pamba. Tukirudi Eldoret akaniambia kwamba kazi hii ikienda vizuri zitakuja meli nyingine, nami nitakuwa mkisiaji wake kabisa, sitabeba nyundo tena. Nilijiona nimeshafika. Nilijiambia pia kwamba Mzee Zakayo akiona cheo changu, huo moyo wake uliopoa utapata joto.

Tukashuka Kisumu kikosi kizima, na ndani ya lori Mzee Zakayo akakaa mbali nami kabisa. Tukaanza na mabamba ya ubavuni. Yeye alikuwa nje juu ya jukwaa anapiga, mimi nikiwa ndani nakaza, na ukuta wa chuma kati yetu. Kazi ilikwenda kwa raha. Sikuona kwamba ukuta ule ndio uliokuwa ukitusaidia.

Ikafika zamu ya mabomba. Mzee Zakayo akachungulia kwenye tundu la kuingilia ngamani, akaangalia kwa muda mrefu. Akauliza bila kunitazama, "Nani ataingia humu?"

"Mimi na wewe, Mzee."

Ndipo akapindua ndoo, akakaa, akafunga vifungo vya koti. "Mimi siingii," akasema.

Kalasinga alikuwa juu anazozana na tajiri. Nikajua akisikia haya ni moto. Nikamsihi mzee, nikamweleza habari za ahadi na pamba. Akatikisa kichwa. Hofu ikanigeuka ikawa hasira, na nikasema neno ambalo hata sasa nikilikumbuka masikio yanapata moto.

"Mzee, kama uzee umefika sema tu, tutafute mwenye nguvu. Na kama hunitaki kwa nyumba yako, usinikomoe kwa kazi ya watu."

Wenzetu waliokuwa karibu wakageuka kututazama. Opiyo, mhunzi wetu, akaweka nyundo chini. Mzee Zakayo hakupandisha sauti. Alisema kwa kutazama chini, polepole, kama anayemsomea mtoto.

"Watu walikuja kwangu wakaomba binti. Mimi nikawapa chai. Hiyo chai ulifikiri ni ya nini? Tangu siku hiyo mimi siwezi kunawa mbele yako, siwezi kukaa benchi moja na wewe, na jina lako nimeliacha. Hiyo ndiyo heshima nakupea. Sasa unataka nivue nguo nilale na wewe kifua kwa kifua, miguu ndani ya miguu. Nikiingia humo, nikitoka mimi si baba mkwe tena, na hakuna harusi itafanyika. Sijakukataa mimi. Wewe ndiye unajikataa. Kwa hivyo chagua. Unataka bomba ama unataka bibi?"

Nilisimama pale na chaki mkononi. Nilijaribu kitu kimoja cha mwisho, upumbavu wa kijana. Nikasema, "Lakini Mzee, sisi ni Wakristo."

"Kanisa limenifundisha kuomba," akasema. "Halijanifundisha kuvua nguo mbele ya mkwe."

Nikaona yote kwa mara moja: benchi la chai, povu la sabuni, lori. Mtu yule alikuwa amenikubali siku zote hizo, na kila alichokifanya kunionyesha nilikisoma kinyume. Nilipata furaha na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo ilikuwa nzito zaidi.

Nikapanda juu. Nikamwambia Kalasinga makisio yangu ni ya uongo, watu niliowahesabu hawawezi kuingia pamoja. Yeye hakujua habari za heshima ya mkwe, nikamweleza. Nilitegemea kelele. Nilitegemea anifukuze pale pale nirudi Eldoret kwa miguu. Akashika ndevu, akafikiri.

"Kwetu Punjab," akasema, "baba ya msichana akienda nyumba ya mume yake, hapana kunywa hata maji. Hata kama nakufa na kiu. Hiyo maneno nafahamu." Kisha akauliza, "Nani mwingine?"

Hakuwepo. Opiyo alikuwa mpana wa mabega, tundu lisingempokea. Vibarua wawili waliobaki hawakuwa wamewahi kushika spana. Kalasinga akavua viatu. Akakaza kilemba chake, akavua shati, na tumbo lake lote likatoka nje kusalimia watu.

"Mimi si mkwe ya mtu yeyote hapa," akasema. "Twende."

Wazee wanasema ukubwa ni jalala, na siku ile nililiona jalala lenyewe likitambaa mbele ya macho yangu. Hakuwa ameshika spana kwa miaka. Nilitangulia, naye alipokwama kwenye ubavu wa kwanza wa chuma nikamvuta mikono huku Opiyo akimsukuma miguu kutoka nje. Alitukana bolti kwa lugha nne. Akichoka tulitoka, akapumua, tukarudi tena. Mzee Zakayo alibaki juu kwenye hewa, akijaza mchanga ndani ya mabomba mapya ili yasibonyee na kuyapinda kwa moto, na kila kona aliyotuteremshia ilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Lakini ile kasi niliyoiahidi haikuwepo tena. Mara mbili ikarudi kuwa mara tatu, na mara tatu ikapita hapo.

Tulichelewa. Pamba ya tajiri ikachukuliwa na meli ya mtu mwingine. Kazi yenyewe hakuweza kuilaumu, mabomba yalivuta maji vizuri, lakini meli yake ya pili hakutuletea, wala mwenye meli mwingine hakutuletea. Kalasinga hakugusa meli tena maisha yake yote, na kile cheo nilichojivika mwenyewe ndani ya lori nikakivua. Nilirudi kushika nyundo kwa muda mrefu.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, mbele ya Kapsabet, baridi ya kwetu ikaanza kutupiga. Kalasinga akaniita mbele, akaniuliza makisio yalikuwa ya nani. Nikasema yalikuwa yangu.

"Yangu pia," akasema. "Mimi nilifundisha wewe maneno tatu. Kumbe iko nne."

Na kweli akaongeza la nne. Kila kazi tuliyokwenda kukisia baadaye, aliuliza mtu atasimama, atachuchumaa ama atalala, na akijibiwa kulala, aliuliza kwa uso mkavu kabisa, "Atalala na nani?" Kuna siku aliuliza hivyo huko Ainabkoi, nyumbani kwa setla, mbele ya memsahib, mke wa setla huyo, aliyejua Kiswahili. Chai ilimpalia yule mama. Sisi tuliangalia dari, na yeye Kalasinga hakujua mpaka anakufa kwa nini watu walikohoa.

Kwa Mzee Zakayo nilituma baba mdogo akaombe msamaha kwa niaba yangu, maana mimi mwenyewe sikuwa na uso wa kwenda. Alipokelewa. Akapewa chai tena. Sikuwahi kufanya kazi na mzee yule tena. Alinitafutia mtu mwingine wa kupiga ribiti, yeye akachukua wa kumkazia. Nilisikia vibaya, maana sijapata tena mtu wa kuzoeana naye hivyo katika kazi. Lakini ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Nilipompata baba mkwe nilimpoteza mwenzangu wa nyundo, na hesabu hiyo hakuna mtu aliyenifundisha kuikisia mapema.

Sasa nikuambie la kukuambia, chai isije ikapoa bure. Ukienda kukisia kazi, hesabu chuma vizuri. Gonga, sikiliza, weka chaki, na usimdanganye mwenye kazi kwa kutaka sifa. Lakini usidhani mikono ni mikono tu. Ukiandika watu wawili mahali pembamba, uliza ni akina nani hao, na ni nini wao kwa wao. Huyu ni mkwe wa yule, hawa hawajasemezana tangu kesi ya shamba, yule ana maombolezo. Kuuliza si ujinga, na kunyamaza kwa mtu si kukataa. Mara nyingi anayekukwepa ndiye aliyekukubali, na anayekuheshimu hataki kukueleza kila siku kwamba anakuheshimu. Heshima si utumwa, wazee walisema, ila waliacha kusema kwamba inakula muda. Utie muda huo kwenye hesabu zako tangu mwanzo. Kama mwenye kazi hataki kuulipia, mwache aende kwingine.

Ile meli nilisikia ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Mabomba niliyoyafunga na Kalasinga yameshaoza, sijui hata yalitupwa wapi. Rasoa yuko hapo jikoni, amesikia kila neno, na ukitoka atakuambia nimekosea wapi.

Haya, inuka, usichelewe kazini. Mungu akupe jicho la kuona kona na flanji, na sikio la kusikia chuma kinapodanganya. Akupe bosi atakayevua shati aingie na wewe pale ulipokosea. Na siku utakapofika kwenye tundu umewahesabu watu vibaya, akuwekee hapo mzee mmoja, amekaa juu ya ndoo, amefunga koti lake, anakungoja uchague.